Oteo la Mashua: Habari za Wawindaji wa Bata wa Marekani na Maficho Yao

Katika lugha yetu yako maneno matatu ambayo mgeni huyachanganya, na hata mwenyeji asipoangalia huyatumia kana kwamba ni neno moja: kunyemelea, kuvizia, na kuotea. Anyemeleaye huenda, hujongea polepole kwa ncha za vidole mpaka amfikie amtakaye. Aviziaye hutafuta nafasi, ama amekaa ama anakwenda, na jicho lake halimwachi mwenziwe. Lakini aoteaye hukaa. Amekwisha kuijua njia atakayopita mnyama, naye amejificha kando yake, hajongei wala hajitikisi, mpaka mnyama aje mwenyewe. Mahali pake pa kujificha huitwa oteo, na yakiwa mengi ni maoteo.

Makala haya yahusu oteo la namna moja tu, yaani lile linalojengwa juu ya mashua ndogo kwa ajili ya kuwinda bata wa mwitu, kama lilivyokuwa zamani na kama lilivyo hata leo katika nchi ya Marekani. Yafaa kwanza tulipatie jina la Kiswahili, kwa kuwa jina lake la Kiingereza laweza kumpoteza mfasiri. Wamarekani huliita kwa neno lile lile wanalomwitia mtu asiyeona. Si kwamba aliyemo ndani haoni, bali lenyewe huzuia macho ya ndege. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kipofu cha bata", na wanafunzi wake watamhurumia ndege yule bure. Watu wa Uingereza yenyewe hutumia neno jingine, lenye maana ya ficho tu, wala hawana taabu hii.

Tena lisichanganywe na ulingo, au dungu kama wengine wasemavyo. Ulingo wa shambani nao ni kibanda cha mtu na ndege, lakini kazi yake ni kinyume kabisa. Mtoto aliye juu ya ulingo huamia: hupiga kelele, hutupa mawe kwa kombeo, ataka aonekane na asikike ili ndege waende zao. Aliye ndani ya oteo ataka waje. Wote wawili wafahamu jambo moja, ya kuwa ndege huiogopa sura ya mtu kuliko kitu kingine. Mmoja huionyesha sura hiyo, na mwingine huificha.

Kwa nini mwindaji wa bata ajifiche kwa bidii namna hii? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni jicho la bata. Macho yake yamewekwa ubavuni mwa kichwa, juu kidogo, hata bata wa kawaida wa nchi za kaskazini huona karibu pande zote, mbele na nyuma na juu, pasipo kugeuza shingo. Tena hutazama kutoka angani, na aliye angani huona ndani ya kichaka ambacho mtu wa chini hukiona kimefungwa. Sababu ya pili ni ufupi wa mkono wa mwindaji. Bunduki ya marisau haifai kitu ndege akiwa mbali; kupita yadi 40 hivi marisau hutawanyika na kupoteza nguvu, na bata hujeruhiwa akaenda kufa mahali asipookotwa. Basi ufundi wote tutakaouelezea hapa umetoka katika hesabu hiyo moja: ndege aonaye mbali sana ajaje karibu na silaha ifikayo karibu tu?

Watu waliishika hesabu hiyo zamani sana, kabla ya bunduki kujulikana. Mwaka 1924 wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta katika pango la Lovelock, huko Nevada, bata 11 wa bandia waliosukwa kwa mafunjo, wengine wakiwa wamefunikwa manyoya ya kweli na kutiwa rangi kichwani na kifuani. Vilikuwa vimefungwa vizuri na kuwekwa akiba, kama mtu awekavyo vyombo vyake vya kazi akitumaini kurudi. Umri wao wakadiriwa kuwa kiasi cha miaka 2,000. Leo mahali pale ni jangwa, lakini zamani palikuwa na ziwa na vinamasi vipana. Wapaiute wa Kaskazini, ambao walikaa katika nchi ile hata Wazungu walipofika, walifanya bata wa bandia kwa mafunjo hayo hayo, na kwa matita ya mafunjo walifunga mashua zao. Naona jambo hilo lafaa kuangaliwa. Mashua iliyofanywa kwa majani ya kinamasi, ndani ya kinamasi, imekwisha kuwa nusu ya oteo kabla mtu hajaongeza jani moja. Waliokuja baadaye na mashua za mbao ndio waliojitwika taabu, maana ubao ni mgeni majini, na ndege hujua.

Katika watu wa mbao, aliyeshughulika zaidi na taabu hiyo ni mjenzi mmoja wa New Jersey. Kwenye pwani ya nchi hiyo, kusini ya mji wa New York, iko ghuba ndefu nyembamba iitwayo Barnegat. Ukanda wa mchanga huikinga na bahari kuu, na upande wa bara pana vinamasi vya maji ya chumvi vyenye nyasi fupi ngumu. Maji ya ghuba ni haba, na mahali pengi mtu mzima aweza kusimama. Bata hufika hapo kila mwaka wakishuka kutoka kaskazini, mabwawa ya huko yanapoanza kuganda. Mnamo mwaka 1836 Hazelton Seaman, mjenzi wa mashua wa kijiji cha West Creek, naye mpigaji hodari wa ndege wa maji, aliunda chombo kwa matumizi yake mwenyewe. Chombo kile cha kwanza kiliitwa kwa mzaha "Jeneza la Shetani". Baadaye watu wakapenda jina la upole zaidi, ambalo kwa lugha yetu lingekuwa "sanduku la kunyemelea".

Mashua za namna hiyo zilikuwa na urefu wa futi 12 hivi, upana wa futi 4, na kina cha inchi 13 au zaidi kidogo. Kwa kawaida zilijengwa kwa mwerezi mweupe uotao katika vinamasi vya huko, ubao mwepesi usiooza upesi. Chini ya mashua palikuwa mviringo kama mgongo wa kijiko, hata omo haikukata maji bali ilipanda juu yake. Na kwa hiyo chombo kiliweza kuelea mahali penye maji kidogo sana, na kuteleza juu ya tope na nyasi zilizolowa. Sitaha nayo ilikuwa na mviringo, ikifunika mashua karibu yote, isipokuwa tundu moja katikati lenye kutosha mtu kuingia na kulala. Vishikizo vya makasia vilikunjwa vikalala juu ya sitaha, ili kisibaki kitu cha kusimama. Nyuma palikuwa na ukingo wa mbao wa kuwekea bata wa bandia. Mbele palifungwa pazia la turubai lililoweza kuinuliwa kuzuia mawimbi. Wengine walitia tanga dogo, na ubao wa kushushwa majini ili mashua isisukumwe kando na upepo. Wengine walipigilia vipande vya chuma chini yake ili ivutwe juu ya barafu kama gari lisilo na magurudumu.

Mwindaji aliondoka kabla ya mapambazuko. Alipofika ncha ya nchi kavu au kisiwa cha nyasi, alitandaza bata wake wa bandia majini upande usio na upepo, akaisukuma mashua kwenye ukingo, akakata nyasi za pale pale na kuzitandika juu ya sitaha. Kisha akaingia, akalala chali, miguu ikiwa chini ya sitaha na kichwa kimeinuka kidogo tu. Aliyepita mbali aliona kichaka cha nyasi kimetokeza majini. Hapa yale maneno matatu ya mwanzo yanakutana katika chombo kimoja: mashua hiyo ilinyemelea ikienda, na ilipofika ikawa oteo. Tena ilikuwa imara kuliko mtu angedhani akitazama udogo wake. Nathaniel Bishop alisafiri katika moja ya mashua hizo katika miaka ya 1875 na 1876 kutoka Pittsburgh, akishuka mto Ohio na Mississippi mpaka ghuba ya Mexico, na kitabu chake cha mwaka 1879 chataja safari ya maili 2,600. Kitabu hicho ndicho kilichoeneza sifa ya mashua ya Seaman nje ya New Jersey.

Lakini oteo la nyasi lina udhaifu mmoja. Halifai pasipo nyasi. Lazima liwe ukingoni, au karibu na kichaka, au mahali ambapo kichaka hakitamshangaza ndege. Likiwekwa katikati ya maji meupe, kila bata ataliona na kuliepuka. Na bata si wa namna moja: wako wapendao vidimbwi na kingo, na wako wazamiaji wapendao kukaa makundi makundi mbali na pwani, juu ya maji wazi, mahali wasipoweza kujiwa na mbweha wala mtu. Hao wa pili walikuwa salama mbele ya mashua ya Seaman na mbele ya maoteo yote yanayofanana nayo.

Usalama huo uliondolewa kwa chombo kingine, nacho kilikuwa cha ajabu. Tutakiita sanduku la kuzama. Lilikuwa sanduku la mbao lenye urefu na upana wa mtu aliyelala, kama jeneza hasa, na safari hii si kwa mzaha. Ukingo wa juu wa sanduku uliunganishwa na jukwaa bapa la mbao lililoelea, na pembeni mwa jukwaa palifungwa mabawa ya turubai yaliyotandazwa juu ya maji ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Kuzunguka tundu palikuwa na ukanda wa madini ya risasi uliokunjwa juu au chini kwa kadiri ya maji. Mtu alipokwisha kulala ndani, wenziwe walipanga juu ya jukwaa na mabawa bata wa chuma cha kusubu, kila mmoja akiwa na uzito wa ratili 20 au zaidi, mpaka chombo chote kikashuka na uso wake ukawa sawasawa na uso wa maji. Hao bata wa chuma walifanya kazi mbili: walikuwa uzito, na walikuwa chambo cha macho. Kisha bata wa mti mia mbili, mia tatu, hata mia tano walitandazwa pande zote. Mashua kubwa ilikaa mbali upande wa chini wa upepo ikiokota waliouawa.

Msomaji na afikiri hali ya mtu yule. Amelala chini ya uso wa bahari, naye hajalowa. Bata arukaye juu ya maji haoni kichaka, haoni mashua, haoni ukingo wa kitu chochote. Aona kundi la wenzake limetulia juu ya maji wazi, mahali ambapo tangu kuzaliwa hajapata kukutana na mtu. Hushuka. Mtu huinuka akaketi, akapiga, akalala tena.

Katika New York watu waliona mapema ya kuwa jambo hilo halikuwa kama uwindaji mwingine. Mwaka 1838 baraza la nchi ile lilitoa sheria ya kukataza masanduku hayo. Wawindaji walivaa vifuniko vya uso, wakaendelea na kazi yao, wakatishia maisha ya yeyote atakayewashitaki. Na baada ya muda sheria ikafutwa. Kwa miaka mingi baadaye neno hilo lilibaki hivyo.

Mahali lilipositawi zaidi sanduku la kuzama ni kwenye mafungu ya Susquehanna, juu kabisa ya ghuba ya Chesapeake, mbele ya mji wa Havre de Grace katika Maryland. Mto Susquehanna unapoingia ghubani huacha mchanga na tope lake, na maji hapo ni ya tamu na haba kwa eneo kubwa. Ndani yake huota jani la majini lenye umbo la utepe mrefu, na mizizi na machipukizi yake ya baridi hupendwa mno na bata mmoja mwenye kichwa chekundu na mgongo mweupe kama turubai, ambaye Wamarekani humwita kwa jina la mgongo wake huo. Jina lake la kitaalamu limechukuliwa katika jina la jani lile, ndivyo watu walivyowaona kuwa kitu kimoja. Nyama yake ilisifiwa katika mahoteli ya Baltimore, Philadelphia na New York kuliko nyama ya ndege yeyote wa mwitu. Gari la moshi lilipofika, bata aliyeuawa asubuhi mbele ya Havre de Grace aliweza kufika mji mkubwa kabla hajaharibika. Tangu hapo mwindaji hakupiga tena kwa kadiri ya nyumba yake wala kijiji chake, bali kwa kadiri ya mapipa.

Nisieleweke kuwa nawalaumu watu wa Havre de Grace kuliko wengine. Walikuwa maskini wengi wao, na kipupwe cha huko hakina shamba. Tena ufundi wao katika kuchonga bata wa mti ulikuwa ufundi wa kweli, uliorithiwa baba kwa mwana. Mmoja wa mafundi wakubwa wa mji huo katika karne ya 20, R. Madison Mitchell, kazi yake nyingine ilikuwa ya kuzika maiti, na karakana yake ilichonga bata kwa maelfu. Nasema tu ya kuwa chombo kile hakikuwa na mpaka ndani yake. Oteo la nyasi lina mpaka wake lenyewe: mwisho wa nyasi ni mwisho wa oteo, na ng'ambo ya hapo bata ana makao yake. Sanduku la kuzama halikumwachia ndege mahali popote. Chombo kisicho na mpaka ndani yake chahitaji kuwekewa mpaka kutoka nje, na mpaka huo ulichelewa karibu miaka mia moja.

Ulikuja kwa hatua. Sheria ya mwaka 1900, ijulikanayo kwa jina la Lacey, ilikataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Ya mwaka 1913 iliwatia ndege wahamao chini ya ulinzi wa serikali ya Marekani nzima. Kwa kuwa bata huzaliana Kanada na kupita Marekani, mwaka 1916 mkataba ulifanywa na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na sheria ya kuutimiza ikatoka mwaka 1918. Biashara ya kuuza bata wa mwitu ikakoma kisheria. Jimbo la Missouri lilidai mbele ya mahakama kuu ya nchi ya kuwa bata walio juu ya ardhi yake ni mali yake. Mwaka 1920 likashindwa, na jibu la mahakama lilikuwa la busara: ndege ambaye jana hakuwapo, kesho aweza kuwa katika jimbo jingine, na baada ya juma moja maili elfu mbali, hawezi kuwa mali ya jimbo moja.

Hata hivyo sanduku la kuzama lilidumu mpaka ukame mkubwa wa miaka ya 1930 ulipokausha mabwawa ya kuzalia, na hesabu ya bata ikashuka hata wawindaji wenyewe wakaogopa. Mwaka 1934 iliwekwa stempu ambayo kila mwindaji wa bata lazima ainunue, kwa dola moja wakati ule. Sasa ni dola 25, na karibu fedha zote zake hutumika kununua na kutunza vinamasi. Mwaka 1935 vitu vinne vilikatazwa pamoja: sanduku la kuzama, kuwafunga bata hai kuwa chambo, kumwaga nafaka ya kuwavutia, na bunduki yenye risasi zaidi ya tatu ndani. Maneno ya amri juu ya jambo la kwanza yastahili kuangaliwa na wapenda lugha, kwa kuwa hayakutaja mbao wala chuma wala turubai. Kilichokatazwa ni chombo chochote kieleacho chini kinachomficha mtu chini ya uso wa maji. Mpaka umewekwa kwenye uso wa maji wenyewe. Juu yake, jifiche upendavyo. Chini yake, hapana.

Kwa hiyo mwindaji wa leo amerudishwa kwenye nyasi, na ndiyo maana oteo la mashua lililojengwa nyumbani limesitawi upya. Mashua itumikayo sana sasa ni ya alumini, bapa chini, yenye urefu wa futi 14 hadi 16, na huendeshwa kwa mota, ingawa sheria yataka mota izimwe na mwendo wa mashua ukome kabla mtu hajapiga. Mashua hiyo haina uzuri wala ujanja wa ile ya Seaman. Kuta zake zimesimama, zang'aa, na nyundo ikianguka ndani yake husikika ng'ambo ya ziwa. Basi mwenye nayo hufanya fremu mbili za mabomba membamba, yale yapitishiwayo nyaya za umeme nyumbani, moja kila ubavu, zikishikwa kwa bawaba kwenye ukingo. Wakati wa safari fremu hulala. Akifika, huziinua zikakutana juu karibu kama paa la nyumba, zikiacha ufa wa kuinukia na kupigia. Juu ya fremu hutandika wavu wa nyuzi au wa seng'enge, na katika wavu hufunga matete.

Kufunga matete kwaonekana rahisi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Lazima yafungwe kwa vishungi vidogo, karibu na shina, vichwa vikiachwa huru na kupishana urefu, kwa sababu katika kinamasi hakuna mstari ulionyoka. Ukuta uliokatwa sawasawa kama ua wa bustani hujulikana na bata kuwa kazi ya mkono. Yakatwe katika kinamasi kile kile, maana matete ya mwaka jana yamepauka na ya mahali pengine yana rangi nyingine. Tena wajenzi wageni hufunika ubavu vizuri wakasahau juu. Kwa yule aliye angani ubavu si kitu. Aonacho ni shimo jeusi lenye umbo la mashua, na ndani yake nyuso tatu zilizoinuliwa kumtazama. Shimo hilo lazima livunjwe kwa majani yaliyolazwa juu yake, na nyuso ziinamishwe. Nyuma, kwenye mota, majani yawekwe mbali, kwa kuwa matete makavu na chuma cha moto havikai pamoja. Hali kadhalika majiko madogo ambayo wawindaji huyawasha kwa ajili ya baridi.

Baada ya rangi na umbo huja uzito, na hili ni neno la uhai wa watu. Seaman aliuweka uzito wote chini, mtu akiwa amelala, na upepo haukuwa na cha kushika. Fremu za leo huuinua uzito juu na kuufanyia upepo tanga ambalo nahodha hakulitaka. Matete yakilowa mvua huwa mazito mara nyingi kuliko yalivyokuwa makavu. Tena watu watatu husimama kwa pamoja na kuelemea upande mmoja, kwa kuwa bata wamekuja upande huo, na mbwa huruka wakati huo huo. Mashua bapa huvumilia mengi, kisha hupinduka ghafula. Maji ni ya baridi ya kuganda, na mtu amevaa viatu virefu vya mpira vifikavyo kifuani.

Tarehe 11 Novemba 1940 ilionyesha hatari ya maji hayo. Katika nchi ya mto Mississippi ya juu, Minnesota na jirani zake, asubuhi ilikuwa ya joto kuliko desturi ya mwezi ule, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu wawindaji wengi walitoka na nguo nyepesi, wakaenda katika visiwa vya mtoni kwa mashua ndogo. Bata walikuja kwa wingi usio wa kawaida, chini sana, kundi juu ya kundi. Wengi walifurahi wakabaki. Lakini ndege wale walikuwa wakikimbia. Nyuma yao ilikuja dhoruba, mvua ikageuka theluji, mawimbi yakawa makubwa kuliko mashua, na hapakuwa na njia ya kurudi. Wengine walijikinga chini ya mashua walizozipindua. Rubani Max Conrad wa mji wa Winona alipaa katika upepo uliobaki, akatafuta walio hai visiwani na kuwatupia chakula. Dhoruba ile iliua watu zaidi ya 140 katika majimbo iliyopitia. Minnesota walikufa 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata. Waliokuwa ndani ya maoteo yao waliona mbele tu, upande wa bata wa bandia, na anga iliyokuwa ikibadilika nyuma yao hawakuitazama kwa wakati.

Bata wa chuma waliofanya kazi yao Susquehanna sasa wamo katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji, na baadhi yao wamezuia milango ya nyumba isifungwe na upepo. Mafungu yenyewe yalipoteza nyasi zake karibu zote baada ya tufani ya Agnes ya mwezi wa Juni 1972, iliyoshusha tope la mto mzima juu yake; mwanzoni mwa karne hii nyasi zikaanza kurudi kwa wingi. Wako wawindaji wanaowafuata bata wa maji wazi hata sasa, wakilala katika mashua nyembamba sana zilizopakwa rangi ya kijivu kama mawimbi, sitaha yake ikiinuka inchi chache tu. Huwekwa nanga katikati ya bata wa bandia kama lilivyowekwa sanduku la zamani. Lakini mashua hizo huelea, na mtu alalaye ndani yake huonekana kama uvimbe mdogo juu ya maji. Bata wengine hushuka. Wengine, wakiisha kuzunguka mara mbili, huuona uvimbe ule wakaenda zao.